Joka Lililokosa Kiswahili: Nasaha kwa Malenga Kuhusu Michezo ya Mezani



Mwaka juzi, katika likizo ya Desemba, mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu alikuja kunitembelea akiwa na wenzake watatu. Walipokwisha kuamkia na kula, waliketi barazani, na mjukuu wangu akamwaga mezani kimfuko cha dadu za rangi rangi, nyingine zenye pande nyingi kuliko nilizowahi kuona. Mimi niliyelelewa katika nyakati ambazo dadu na kamari vilikuwa ndugu wa tumbo moja nikakunja uso.

"Hatuchezi kamari, Bibi," akasema kabla sijauliza. "Tunasimulia hadithi."

Nikaketi kando nikichambua mchele, nikasikiliza. Mmoja wao alikuwa akieleza pango: maji yanayodondoka gizani, harufu ya kiberiti, mifupa inayovunjika chini ya nyayo, na joka lililojikunja juu ya rundo la sarafu, jicho moja wazi. Wenzake walimjibu mmoja mmoja, kila mtu kwa sauti ya mhusika wake. Yote hayo yalisemwa kwa Kiingereza, na kilikuwa Kiingereza kizuri.

Nilipoleta chai, vijana wale, kwa adabu zao, wakahamia Kiswahili ili nami niwafuate. Na hapo ndipo joka lilipoanza kufa.

"Basi, hilo joka... liko pale. Ni kubwa. Yaani, ni kubwa sana."

"Mimi nalipiga."

"Haya, umelipiga."

Wakatazamana, wakacheka kwa haya. Dakika tano kabla, joka lile lilikuwa na magamba, hila na historia. Sasa lilikuwa kubwa sana, basi. Nami nawafahamu watoto hawa: wote wanne walifaulu Kiswahili kidato cha nne. Ukiwauliza tashihisi ni nini watakujibu, tena kwa mifano miwili. Tulichowafundisha ni majina ya vyombo, lakini hatukuwahi kuwapa nafasi ya kupikia.

Tangu siku ile nimeicheza michezo hii mara nyingi, kwanza na wajukuu, kisha na walimu wenzangu wawili wastaafu, na mara kadhaa peke yangu usiku. Leo naipendekeza kwenu, kwa sharti moja nitakalolirudia: ichezwe kwa Kiswahili, tangu salamu ya kwanza hadi joka la mwisho.

Nitaiita michezo ya masimulizi ya mezani, hadi mwenye jina bora ajitokeze. Watu watatu hadi sita huketi pamoja. Aghalabu mmoja wao huwa msimulizi: yeye hueleza mahali, hali ya hewa, na watu wote wanaokutwa njiani. Kila mmoja wa waliobaki humiliki mhusika mmoja, na husema mhusika huyo anatenda nini na ananena nini. Jambo likiwa na shaka, kwa mfano kama mlango utavunjika au kama mlinzi ataamini uongo alioambiwa, dadu hurushwa na matokeo yake huheshimiwa na wote. Hakuna skrini, na kwa kawaida hakuna mshindi. Mchezo wa kwanza wa aina hii kuuzwa ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson huko Marekani na kutolewa mwaka 1974 kwa nakala 1,000 tu. Tangu hapo umezaa wajukuu na vilembwe: michezo ya mizuka, ya anga za juu, ya wezi, hata ya panya wadogo wanaomkimbia paka.

Tusikimbilie kusema, kama ilivyo desturi yetu, kwamba hata sisi tulikuwa nayo. Kitendawili kina jibu ambalo mtegaji analijua tangu mwanzo. Msimulizi wa paukwa-pakawa anaujua mwisho wa hadithi yake. Kilicho karibu zaidi na michezo hii ni kujibizana. Katika Mombasa ya Muyaka bin Haji, mtu alitupa shairi lake mjini asijue atajibiwa na nani wala kwa ukali gani, na jibu likija humlazimu aufikirie upya usemi wake mwenyewe. Mezani napo ni hivyo. Unatoa sentensi, mwenzako anaichukua, anakurudishia ikiwa imebadilika sura, nawe huna budi kuendelea nayo kama ilivyo.

Niseme mapema kwamba sikushaurini muanze na huo mzee wao. Dungeons & Dragons ni mchezo mnene. Una vitabu vikubwa, dadu za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, na hesabu za mapigano zinazoweza kumeza jioni nzima. Mshairi ataanza kupiga miayo kabla upanga haujafika. Lakini vijana wakikushikilia, uwaombe wacheze kisa kiitwacho Lost Mine of Phandelver, kilichotoka mwaka 2014 katika kisanduku cha wanaoanza. Kisa chenyewe huanza kwa unyenyekevu: mmepewa kazi ya kusindikiza mzigo hadi mji mdogo, na njiani mnakuta farasi wawili wamekufa. Msafara, mzigo, maiti njiani. Yeyote aliyesoma habari za misafara ya bara na pwani ana msamiati wa kutosha kukisimulia.

Shida ilikuwa viumbe. Waviziaji wa njia ile wanaitwa goblin, na tulibishana nusu saa. Mmoja alitaka zimwi, lakini zimwi ni jitu, na hawa ni vijitu. Hatimaye nikawakumbusha kibwengo, neno ambalo vijana wote wanne walikuwa hawajapata kulisikia, na likakaa mahali pake kama kifuniko juu ya chungu. Kwa wale wenye masikio marefu waitwao elf hatukubahatika. Mjukuu alifuata kanuni ya kutohoa, akaongeza irabu mwishoni, tukapata elfu. Na aliposimulia kwamba wamewasili elfu watatu, mezani hakuna aliyejua kama ni watu watatu au jeshi zima. Tukawaita wanamwitu.

Jambo moja la manufaa kwa wafasiri: Januari 2023 wenye mchezo huo waliweka hati ya kanuni zake za msingi chini ya leseni huria inayomruhusu yeyote kuzitafsiri, kuzichapisha na hata kuziuza, mradi awataje walikotoka. Kwa hiyo Kiswahili hakizuiwi na sheria. Kinazuiwa na jasho, ambalo bado hakuna aliyelitoa nikamwona.

Kwa wapendao hofu, nina mapendekezo mawili. La kwanza ni Call of Cthulhu, uliotungwa na Sandy Petersen mwaka 1981 kutokana na hadithi za H. P. Lovecraft. Wahusika wake ni watu wa kawaida: madaktari, waandishi wa habari, maprofesa. Nilifurahi mno kuona kwamba ujuzi wa kutumia maktaba umeandikwa kwenye karatasi ya mhusika kama vile ujuzi wa kulenga bunduki, tena mara nyingi ndio unaookoa roho za watu. Kisa chake maarufu, The Haunting, hutolewa bure katika kijitabu cha kuanzia. Ni habari ya nyumba moja mjini Boston, miaka ya 1920, ambayo wapangaji wake wamepatwa na maafa, na mwenye nyumba anataka kujua kulikoni. Wachezaji hupekua magazeti ya zamani na hati za serikali kabla ya kuingia ndani, na asiyepekua hujuta.

Lovecraft mwenyewe alikuwa mtu mwenye dharau kubwa kwa Waafrika na kwa watu wengi wasiofanana naye, na dharau hiyo imo katika maandishi yake. Sioni sababu ya kumbeba yeye ili kubeba mchezo. Nyumba ile niliihamishia katika mji mkongwe wa Tanga, karibu na bahari, na badala ya magazeti ya Boston nikaweka wazee wa barazani. Kila mzee alikuwa na kauli yake kuhusu nani alikufa mle ndani, kila kauli ikipingana na ya jirani yake, na vijana walilazimika kupima maneno, kutambua anayezunguka na anayeficha. Kiswahili chao cha heshima kilipanda ngazi tatu usiku ule, kwa sababu mzee wa barazani haulizwi "Eti, nani alikufa?", ukimuuliza hivyo atakunywa kahawa yake na kukutazama.

La pili ni Dread, nao una kisa cha lugha. Hauna dadu hata moja. Kila mhusika anapotaka kutenda jambo la hatari, mchezaji huchomoa kipande kimoja katika mnara wa vipande vya mbao. Mnara ukianguka, mhusika wako ameondoka, aghalabu kwa kufa. Mnara huo ni mchezo wa Jenga, ambao wengi wetu tumewaona watoto wakiucheza bila kujiuliza jina lile limetoka wapi. Limetoka kwetu. Mtunzi wake, Leslie Scott, ni Mwingereza aliyezaliwa Tanganyika na kukulia Afrika Mashariki na Magharibi. Alipouleta mchezo wake katika maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini London mwaka 1983, aliupa jina la kitenzi chetu, katika hali ya kuamuru. Hivyo neno la Kiswahili limezunguka dunia nzima na kurudi likiwa ndani ya mchezo wa Kimarekani wa kutishana, ambamo kazi ya mchezaji ni kubomoa. Nimewapa wanafunzi wangu wa zamani kejeli hii kama zoezi la shairi. Bado nasubiri beti.

Dread una jambo jingine ninalolipenda. Mhusika hatengenezwi kwa tarakimu. Msimulizi humwandikia kila mchezaji orodha ya maswali yanayomtega: Kwa nini hukuenda kumzika kaka yako? Ni kitu gani umekibeba ambacho wenzako hawajui? Ukimaliza kujibu, mtu yuko hai. Kwa mwandishi wa tenzi na tamthilia, zoezi hilo peke yake linatosha kuhalalisha gharama.

Ya anga za juu sitayakawilia. Traveller wa mwaka 1977 una sifa ya pekee: katika toleo lake la kwanza mhusika wako aliweza kufa wakati bado unamwandikia wasifu. Mjukuu wangu alikufa mara mbili kabla chai haijachemka, nasi tukahamia kitu kingine.

Kwa malenga hasa, kuna michezo miwili ya utulivu. The Quiet Year, wa Avery Alder, ulitoka mwaka 2013 na unahitaji karata za kawaida na karatasi moja kubwa. Karata 52 ni majuma 52 ya mwaka mmoja katika maisha ya jamii iliyonusurika maangamizi. Kila juma mtu huinua karata, hujibu swali lake, na huchora jambo kwenye ramani. Kinachonivutia ni kanuni za usemi. Hamruhusiwi kujadiliana ovyo. Mkitaka kuzungumza jambo la jamii, zamu moja nzima hutumika, na kila mtu hupewa nafasi moja ya kusema sentensi moja au mbili, basi. Na anayeona kwamba ametendewa ndivyo sivyo halalamiki: huchukua kijiwe cha dharau, akakiweka mbele yake, kimya. Tulicheza na walimu wenzangu wastaafu, watu tuliozoea vikao vya saa nne. Kufikia majira ya baridi vijiwe vilikuwa vimejaa mbele ya mwenzetu mmoja, mpole kuliko wote, na hakuna aliyethubutu kumuuliza. Tunaojua uzito wa mizani kumi na sita hatuhitaji kuelezwa kwa nini sentensi mbili zilizobanwa huuma kuliko hotuba.

Mwingine ni Thousand Year Old Vampire wa Tim Hutchings, unaochezwa na mtu mmoja, kalamu na daftari. Wewe ni mnyonya damu aliyeishi karne nyingi. Akili yako ina nafasi ya kumbukumbu tano tu, na kila kumbukumbu hubeba mambo matatu. Maisha yakiendelea, huna budi kuifuta moja ili upate kuandika nyingine. Nilianzisha wangu Kilwa. Nilipofika katikati nilikuwa nimelifuta jina la mama yake, na nikajikuta natafuta ukurasa nilioukata kwa kalamu, nikijaribu kulisoma chini ya wino. Usiucheze kabla ya kulala.

Najua watakaosema kwamba haya ni mambo ya kitoto, au ni ya kishetani. La pili si geni; miaka ya 1980 Wamarekani wenyewe walitishana kwamba Dungeons & Dragons unawapeleka watoto kwa Ibilisi. Jirani yangu aliyesikia neno "jini" likitoka barazani kwangu alikuja kuuliza. Nilimkaribisha, akaketi, akapewa mhusika wa kuuza samaki, na sasa hutukumbusha yeye Jumamosi ikikaribia. Kuhusu utoto sina la kujitetea.

Mchezo niliouweka mwisho ndio ningependa muuanze. Unaitwa Dialect, wa Kathryn Hymes na Hakan Seyalioglu, na ulitolewa mwaka 2018. Unahusu lugha na jinsi inavyokufa. Wachezaji watatu hadi watano hubuni jamii iliyojitenga na dunia, huipa sifa tatu, na kila mmoja hupata mhusika ndani yake. Kisha, katika nyakati tatu, kila mtu kwa zamu hucheza karata inayodai neno. Mnalitunga pamoja kutokana na sifa mojawapo ya jamii, halafu mnaigiza tukio fupi ambamo neno hilo linatumika. Jamii inabadilika, maneno yanabadilika nayo, na mwishoni kutengwa kunakwisha na lugha inakufa. Hilo mnalijua tangu mwanzo, na hakuna dadu ya kuliepusha.

Sisi tuliunda wakulima wa mwani waliosahauliwa kisiwani. Sifa zao tatu zilikuwa bahari inayopanda, desturi ya kuacha majina ya zamani, na redio moja isiyojibiwa. Kutokana na redio hiyo mjukuu wangu wa kike, aliyekuwa na miaka kumi na saba, akatoa kitenzi kuredia: kusema na asiyejibu. Alitaka kuishia hapo. Lakini Kiswahili hakimruhusu mtu kuishia hapo. Katika tukio lililofuata mwenzake akasema kwamba wazazi wake "wanarediana tu siku hizi", yaani kila mmoja anasema na hakuna anayesikia. Mwingine akatoa mrediaji, mtu wa zamu ya usiku. Mwingine akanung'unika kwamba amechoka kurediwa, na tukanyamaza, kwa sababu ilimaanisha kwamba kuna anayemwita naye amekataa kuitika.

Nimefundisha mnyambuliko wa vitenzi kwa zaidi ya miaka thelathini. Nimeuchora ubaoni kwa chaki ya rangi, kauli ya kutendea, ya kutendana, ya kutendwa, na nimewaona watoto wakilala macho wazi. Siku ile binti mmoja alibuni mzizi, na kwa robo saa viambishi vilimzalia ukoo mzima, naye akakaa ameshika karata akitazama alichokifanya. Jedwali langu la ubaoni halikuwahi kumpa mtu sura ile.

Kisha zamu yangu ikafika. Karata yangu ilidai neno la kuagana. Nikafikiri kwamba mkulima wangu, mzee aliyetoka milimani, angeliazima katika lugha ya mama yake, kama mimi ningefanya. Mama yangu alikuwa Msambaa wa Lushoto. Alikuwa na neno la ukungu unaopanda kutoka bondeni alfajiri na kuifunika njia nyuma ya mtu anayeondoka, na alilitumia kila nilipokuwa narudi shuleni. Nikafungua kinywa nilitaje. Halikuwapo.

Wajukuu walisubiri. Nikasema nipewe dakika, nikaingia ndani.

Niwaambie jambo ambalo sikuwaambia wao. Katika shule moja ya bweni nilikofundisha, wanafunzi walikatazwa kusema lugha yoyote nje ya Kiingereza. Kulikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Aliyenaswa alikivaa shingoni hadi amnase mwingine, na jioni mwalimu wa zamu alisaini orodha ya waliokivaa, ili waadhibiwe. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Asubuhi niliwafundisha watoto wale uzuri wa lugha yao, na jioni, zamu yangu ilipofika, nilisaini orodha ya walioitumia. Aliyesema lugha ya nyumbani kwao alihesabiwa makosa mawili. Sikuwahi kugoma. Sikuwahi hata kuuliza. Kibao kile kilikuwa na uzito wa kitabu chembamba. Najua, kwa sababu nilikuwa nakihifadhi katika mtoto wa meza yangu, juu ya diwani za mashairi.

Vijana wale wanne waliosema joka lao ni kubwa sana ni watoto wa kizazi nilichokisainia.

Nilimpigia simu dada yangu mkubwa, aliyebaki Lushoto. Baada ya shikamoo na habari za mifugo nikamuuliza neno la Mama la ukungu. Akanyamaza kwa muda, nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Lile la asubuhi, au lile la jioni?" Sikujua kwamba yalikuwa mawili.

Nimeyaandika yote mawili katika daftari la mchezo. Lile la asubuhi nililipeleka barazani, na kisiwa kizima kikalitumia kuagana hadi mwisho. Katika tukio la kufungia, mjukuu wangu wa kike aliigiza kikongwe wa mwisho wa jamii yetu, akiwa hospitalini bara, akimwaga nesi kwa neno hilo. Nesi, asiyelijua, alidhani anaambiwa jina, akaliandika kwenye cheti cha mgonjwa.

Karata za Dialect zinauzwa mtandaoni pamoja na nakala ya kuchapa mwenyewe. Saa tatu hadi nne zinatosha, pamoja na chai. Atakayezitafsiri, au aliyekwisha kuanza, aniandikie. Nina daftari tatu za istilahi, na dada yangu ameanza kunipigia yeye.